Kipya Kinyemi: Kuandaa na Kujaribu Diski Yabisi ya Kubebeka kwa Utafiti wa Fasihi Simulizi

Ikisiri

Mtafiti wa fasihi simulizi wa siku hizi hurejea kutoka nyanjani akiwa na sauti na picha, si madaftari pekee. Aghalabu data hiyo huwekwa katika diski ndogo ya kubebeka ambayo imenunuliwa juzi na kuaminiwa papo hapo. Makala haya yanashikilia kwamba diski mpya haistahili kuitwa ghala mpaka ijaribiwe, na kwamba hata ikishajaribiwa haipaswi kuwa ghala la pekee. Makala yanaeleza umbo la kifaa hiki na istilahi zake, kisha yanafafanua hatua za kukikagua, kukiandaa na kukijaribu kwa mpangilio unaoweza kufuatwa na mwanafunzi asiye na taaluma ya tarakilishi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii inasawiri tabia ya binadamu ya kukipokea kila kipya kwa bashasha kabla ya kukichunguza. Katika utafiti wa fasihi simulizi, tabia hiyo inaweza kuleta hasara isiyofidika.

Uhai wa fasihi ya Kiswahili umetegemea nakala tangu jadi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka wa 1840, yamewafikia wasomaji wa leo kwa sababu Mwalimu Sikujua Abdallah aliyakusanya na kuyahifadhi akishirikiana na W. E. Taylor, na baadaye W. Hichens akayahariri na kuyachapisha mwaka wa 1940. Laiti mlolongo huo ungekatika mahali pamoja tu, sehemu kubwa ya kazi ya malenga huyo ingalizikwa pamoja na waliokuwa wakiikumbuka. Leo kazi aliyoifanya Mwalimu Sikujua kwa wino na karatasi hufanywa kwa kinasa sauti na diski. Chombo kimebadilika lakini dhima ni ile ile.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Lamu kurekodi nyimbo za vugo pamoja na mahojiano na kina mama wanaoziimba arusini. Iwapo anarekodi kwa njia mbili za sauti, kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, kila sekunde moja huzalisha baiti 288,000. Saa moja basi huzalisha takriban gigabaiti 1.04, na saa 100 za utafiti mzima huzalisha takriban gigabaiti 104. Kiasi hicho ni kidogo kwa diski ya terabaiti 1, ambayo inaweza kubeba zaidi ya saa 960 za aina hiyo.

Sasa ichukuliwe kwamba diski aliyoinunua imeandikwa terabaiti 1 juu ya jumba lake, ilhali ndani yake mna chipu ya gigabaiti 64 tu. Saa 61 za mwanzo zitahifadhiwa bila tatizo. Baada ya hapo, kila wimbo mpya utaandikwa juu ya wimbo wa zamani au hautaandikwa popote, na tarakilishi haitatoa onyo lolote. Majina ya faili zote yataonekana, na ukubwa wa kila faili utaonekana kuwa sahihi. Ni siku ya kunukuu, pengine miezi sita baadaye, ndipo mtafiti atakapogundua kwamba majina yapo na sauti hazipo. Yamkini bibi aliyeimba siku ya kwanza atakuwa ameshaaga dunia. Hilo ndilo linalofanya ujaribuji wa diski kuwa suala la mbinu za utafiti, si la ufundi tu.

2.0 Istilahi na Umbo la Kifaa

Kwanza ni suala la jina. Madukani na mabwenini kifaa hiki huitwa SSD, kwa herufi tatu za Kiingereza. Katika makala haya kinaitwa diski yabisi, kwa kuwa hakina sehemu yoyote inayozunguka au kusogea. Msomaji makini anaweza kuhoji: ikiwa hakuna sahani ya duara ndani yake, kwa nini kiitwe diski? Jibu ni kwamba lugha huhifadhi jina hata umbo linapobadilika. Neno simu linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na bado wazungumzaji huitumia simu ya mkononi isiyo na waya bila kuona kinzani yoyote. Vivyo hivyo, diski ilianza kwa kurejelea sahani na sasa inarejelea kazi ya kuhifadhi.

Diski ya zamani ya sumaku ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma juu yake bila kuzigusa. Ikianguka inapofanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na kuharibu data. Diski yabisi haina hatari hiyo, na ndiyo sababu inamfaa mtu anayesafiri kwa mashua na pikipiki. Ndani yake mna sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni chipu za kumbukumbu, aina ambayo msingi wake ulibuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa katika kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Chipu hizo zina seli nyingi mno, na kila seli hutunza kiasi fulani cha chaji ya umeme. Kiasi hicho ndicho kinachosomwa kama tarakimu. Seli moja inaweza kutunza biti moja, mbili, tatu au nne. Kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo kifaa kinavyokuwa rahisi kwa bei, na ndivyo uandikaji unavyokuwa wa polepole na uhai wa seli unavyopungua.

Sehemu ya pili ni kidhibiti. Hiki ni kama karani wa ghala. Hupokea data kutoka kwa tarakilishi, huamua iwekwe katika seli zipi, hugawa kazi ili seli zichakae kwa usawa, na huiarifu tarakilishi ukubwa wa ghala. Tarakilishi haihesabu seli yenyewe. Inamwamini karani. Hapa ndipo ulaghai unapoingilia: programu-dhibiti iliyomo katika kidhibiti ikichezewa, karani husema uongo na tarakilishi huurudia uongo huo kwa mtumiaji kama ukweli.

3.0 Ukaguzi wa Awali na Jaribio la Ujazo

3.1 Ukaguzi kwa Macho

Kabla ya kuchomeka kifaa popote, mtafiti anapaswa kukilinganisha na maelezo ya mtengenezaji: jina la muundo, nambari ya utambulisho, maandishi ya jumba na aina ya tundu. Bei ni ushahidi pia. Diski inayodaiwa kuwa ya terabaiti 16 na inayouzwa kwa bei ya mlo wa watu wachache haiwezi kuwa vile inavyodaiwa kuwa. Hata hivyo, bei nzuri si uthibitisho wa uhalali, kwani mlaghai hodari hupandisha bei makusudi.

Diski ikishachomekwa, tarakilishi itaonyesha ujazo wake. Wanafunzi wengi hushtuka wanapoona kwamba diski ya terabaiti 1 inaonyeshwa kuwa na gigabaiti 931 katika Windows. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000, nayo Windows hugawa idadi hiyo kwa 1,073,741,824 kwa kila gigabaiti. Jawabu ni 931 na ziada kidogo. Baiti ni zile zile ila kipimo ni tofauti, kama vile urefu mmoja unavyoweza kutajwa kwa futi au kwa mita.

Aidha, zipo programu zinazosoma taarifa ambazo diski hutunza kujihusu, kwa mfano CrystalDiskInfo katika Windows na smartctl katika Linux. Taarifa hizo hujumuisha saa ambazo diski imewashwa na idadi ya mara ilizowashwa. Diski mpya inapaswa kuwa na idadi ndogo sana. Ikiwa ina maelfu ya saa, basi ni mtumba uliofungwa katika boksi jipya. Baadhi ya diski za kubebeka hazitoi taarifa hizi kupitia waya, na katika hali hiyo mtafiti ategemee zaidi jaribio linalofuata.

3.2 Kulijaza Ghala Lote

Njia ya uhakika ya kumpima karani ni kulijaza ghala hadi ukingoni na kisha kutoa kila gunia na kulikagua. Programu ya H2testw, iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa jarida la Ujerumani liitwalo c't, hufanya hivyo katika Windows. Huandika faili za gigabaiti moja moja mpaka diski ijae, halafu huzisoma zote na kulinganisha kilichosomwa na kilichoandikwa. Katika Linux na macOS kuna F3, iliyoandikwa na Michel Machado, yenye amri mbili: f3write ya kuandika na f3read ya kusoma. Programu zote mbili hazilipiwi.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, jaribio lifanywe diski ikiwa tupu, kabla ya kuweka data yoyote ya maana. Pili, diski ijazwe yote. Jaribio la gigabaiti 10 za kwanza halithibitishi chochote, kwa kuwa diski ya ulaghai huwa nzima kabisa mwanzoni. Tatu, subira inahitajika. Kwa kasi ya megabaiti 400 kwa sekunde, kuijaza diski ya terabaiti 1 huchukua takriban dakika 42, na kuisoma huhitaji muda unaokaribiana na huo. Kwa tundu la zamani la USB 2.0, ambalo kwa kawaida hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, kuijaza tu huchukua takriban saa 8. Jaribio linaweza kuachwa liendelee usiku kucha, mradi tarakilishi izuiwe isilale na umeme uwe wa kutegemewa.

Baadhi ya watu huhofia kwamba kuijaza diski nzima kunaichakaza. Hofu hiyo haina uzito. Diski nyingi za terabaiti 1 hukadiriwa kuhimili uandikaji wa terabaiti mamia kadhaa, na jaribio hili hutumia moja tu. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya saa 100 za sauti.

Programu ikiripoti kosa hata moja, diski irejeshwe dukani pamoja na stakabadhi. Isirekebishwe, na isitengewe kazi ndogo ndogo. Mtu aliyepatikana na uongo katika hesabu hapewi tena funguo za ghala.

4.0 Kuumbiza na Kufunga Diski

4.1 Uteuzi wa Mfumo wa Faili

Kuumbiza diski ni kuipangia rafu na daftari la kumbukumbu ili faili ziweze kuwekwa na kupatikana. Mpangilio huo huitwa mfumo wa faili, na uteuzi wake hutegemea tarakilishi zitakazotumiwa. NTFS ni mfumo wa Windows. macOS husoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki ndani yake. APFS ni mfumo wa macOS na hausomwi na Windows bila programu ya ziada. FAT32 husomwa karibu kila mahali, ila haiwezi kupokea faili inayofikia gigabaiti 4. Mtafiti anayerekodi video ya ngoma nzima atakwama hapo.

Kwa mtafiti ambaye tarakilishi yake ni ya Windows, ya msimamizi wake ni ya macOS na ya maktaba ni ya Linux, exFAT ndiyo inayofaa zaidi. Mfumo huu ulianzishwa na Microsoft mwaka wa 2006, na ubainishi wake ukatolewa hadharani mwaka wa 2019. Unapokea faili kubwa na husomwa na kuandikwa na mifumo yote mitatu. Dosari yake ni kwamba hautunzi kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, tofauti na NTFS. Waya ukichomolewa wakati faili inaandikwa, daftari la rafu linaweza kuvurugika. Kwa sababu hiyo anayeteua exFAT hana budi kuwa na nidhamu ya kuiondoa diski kwa utaratibu kila mara: aiamuru tarakilishi iiachilie, asubiri idhini, ndipo achomoe.

Uumbizaji wa haraka unatosha kwa diski iliyokwisha kupita jaribio la ujazo. Faili za jaribio zitaondoka, na programu za matangazo ambazo mtengenezaji huweka ndani ya diski zitaondoka pia. Baada ya hapo diski ipewe jina linalotambulisha mradi, kwa mfano VUGO_A, ili isichanganywe na ile ya pili itakayoitwa VUGO_B.

4.2 Nywila na Maadili ya Utafiti

Diski ya kubebeka hupotea kwa urahisi katika matatu. Ndani yake mna majina ya wahojiwa, sauti zao, na pengine siri za unyago au za familia walizomwamini mtafiti nazo. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya data ya watu aitunze kwa usalama. Kwa mintarafu hii, kuifunga diski kwa nywila ni sehemu ya maadili ya utafiti sawa na fomu ya idhini.

Windows katika matoleo yake ya kitaaluma ina BitLocker, macOS ina ufungaji wake wa ndani, na Linux ina LUKS. Anayehitaji kufunguliwa katika mifumo yote mitatu anaweza kutumia VeraCrypt, programu huria ambayo hutengeneza kasha lililofungwa ndani ya diski. Hata hivyo kufuli hili halina fundi. Nywila ikisahaulika, data haipatikani tena. Nywila basi iandikwe na kuhifadhiwa mahali salama mbali na diski yenyewe, na ikiwezekana msimamizi wa utafiti awe na nakala katika bahasha iliyofungwa. Kabla ya safari, diski ifungwe, ichomolewe, na ifunguliwe upya katika tarakilishi nyingine. Nywila ambayo haijajaribiwa mara ya pili haijathibitishwa.

5.0 Jaribio la Kasi

Kasi huvutia wanunuzi kuliko sifa nyingine zote, ilhali kwa mtafiti wa fasihi umuhimu wake ni wa pili. Hata hivyo jaribio la kasi hufichua kasoro ambazo zisingeonekana kwa njia nyingine.

Inatosha kunakili kabrasha la gigabaiti 20 au 30 na kutazama muda unaotumika. Ikiwa diski inayotangazwa kuwa na kasi ya megabaiti 1,000 kwa sekunde inaandika megabaiti 35 tu, mara nyingi mwenye kosa si diski bali ni waya au tundu. Waya nyingi za kuchajia simu, hata zile zenye ncha za kisasa za duaradufu pande zote mbili, hupitisha data kwa kiwango cha USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0, iliyotolewa mwaka wa 2008, ilileta gigabiti 5 kwa sekunde, na toleo la mwaka wa 2013 likafikisha 10. Ili kupata kasi iliyotangazwa, vitu vitatu sharti viafikiane: diski, waya na tundu la tarakilishi. Kimoja kikiwa cha zamani, vyote hufuata mwendo wake.

Tofauti hii ina maana halisi nyanjani. Gigabaiti 104 hunakiliwa kwa muda usiozidi dakika 5 kwa megabaiti 400 kwa sekunde, na kwa karibu dakika 50 kwa megabaiti 35. Mahali ambapo betri ya kipakatalishi inakaribia kuisha na umeme umekatika, dakika 50 zaweza kuwa tofauti kati ya kuwa na nakala na kutokuwa nayo. Waya uliokuja na diski utambulishwe kwa kibandiko na usiazimwe.

Mtafiti ataona pia kwamba kasi huanza juu kisha hushuka ghafla baada ya gigabaiti kadhaa. Hili si dalili ya ubovu. Diski nyingi huandika kwanza katika sehemu ya seli zinazotunza biti moja moja kwa haraka, kisha huhamishia data katika seli zenye biti tatu au nne. Sehemu hiyo ya mapokezi ikijaa, uandikaji hulazimika kufuata mwendo wa polepole. Joto nalo hupunguza kasi. Dalili ya kutiliwa shaka ni kasi inayofikia sifuri kwa muda mrefu, au diski inayojitenga na tarakilishi na kurudi.

6.0 Jaribio la Uaminifu wa Nakala

Hili ndilo jaribio lenye uzito mkubwa kuliko yote kwa mwanafunzi wa Kiswahili, na kwa bahati njema ndilo lililo karibu zaidi na taaluma yake. Mnukuzi anayenakili utenzi kutoka katika muswada wa hati za Kiarabu huhesabu mizani. Kipande cha utenzi wa kawaida kina mizani nane. Akipata saba, anajua kwamba silabi imedondoka hata kabla ya kutafuta maana. Mizani basi ni ala ya uhakiki mbali na kuwa pambo la sauti.

Hata hivyo mizani haifichui kila kosa. Mnukuzi akiandika moyo mahali pa mwezi, hesabu ya silabi itabaki ile ile. Tarakilishi ina mizani kali zaidi. Kanuni ya kihisabati iitwayo SHA-256 husoma faili nzima na kutoa alama ya uhakiki yenye herufi na tarakimu 64. Biti moja tu ikibadilika katika wimbo wa saa nzima, alama yote hubadilika. Alama mbili zikilingana, mtafiti ana yakini kwamba nakala ni sawa na asili.

Alama hiyo hupatikana bila kununua chochote: Linux ina amri ya sha256sum, macOS ina shasum, na Windows ina certutil. Utaratibu ni huu. Alama za faili zote zitolewe zikiwa bado katika kadi ya kinasa sauti au katika kipakatalishi, na ziandikwe katika faili ndogo ya orodha. Faili zinakiliwe katika diski. Diski iondolewe kwa utaratibu, ichomolewe, kisha ichomekwe katika tarakilishi nyingine. Hapo alama zitolewe upya na zilinganishwe na orodha.

Hatua ya kuchomoa isirukwe. Tarakilishi inapomaliza kunakili faili, bado huwa imeibakiza katika kumbukumbu yake ya muda. Ikiulizwa alama papo hapo, inaweza kusoma kutoka katika kumbukumbu hiyo badala ya kusoma kutoka katika diski, na jaribio litakuwa limempima asiyeshtakiwa. Kuchomoa na kuhamia tarakilishi nyingine huondoa shaka hiyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ya alama ndiyo daftari la mali ya mtafiti. Inapaswa kuwa katika diski, katika tarakilishi, na hata kuchapishwa na kubandikwa nyuma ya daftari la nyanjani pamoja na jina la mwimbaji, mahali, tarehe na nambari ya faili. Baada ya hayo yote, mtafiti asikilize mwanzo, kati na mwisho wa rekodi kadhaa. Alama huthibitisha kwamba nakala ni sawa na asili, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba asili ilirekodiwa vizuri.

7.0 Baada ya Majaribio

Diski iliyofaulu majaribio yote haijapewa kinga ya milele. Mwaka wa 2023 watumiaji wa baadhi ya diski yabisi za kubebeka za kampuni moja mashuhuri ya Marekani waliripoti kupoteza data ghafla, na kampuni hiyo ikatoa programu-dhibiti ya kurekebisha baadhi ya miundo. Diski hizo zilikuwa halisi wala si za ulaghai. Ni vyema basi kuangalia katika tovuti ya mtengenezaji iwapo kuna programu-dhibiti mpya, na kuiweka kabla ya kuanza kutumia diski kwa kazi.

Kuna pia dhana potofu kwamba diski yabisi inaweza kuwekwa kabatini kwa miaka mingi kama kitabu. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba ya chaji huvuja. Kiwango cha shirika la JEDEC kinaitaka diski ya matumizi ya kawaida, ikishamaliza kiasi cha uandikaji ilichokadiriwa, iweze kutunza data bila umeme kwa muda wa mwaka 1 katika joto la nyuzi 30 za selsiasi. Diski ambayo bado mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, na joto kali hupunguza muda huo. Kwa hivyo diski isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Kila baada ya miezi michache iwashwe, na alama za uhakiki zihesabiwe upya.

Hatimaye kuna suala la idadi ya nakala. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh hutaka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Kwa mtafiti wa vugo aliyetajwa hapo juu, nakala ya kwanza ingekuwa katika diski yabisi, ya pili katika diski ya sumaku nyumbani, na ya tatu katika hifadhi ya chuo au ya mtandaoni. Usiache mbachao kwa msala upitao: kadi ya kinasa sauti isifutwe kwa sababu tu diski mpya imewasili. Ifutwe baada ya nakala mbili nyingine kuthibitishwa kwa alama.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuandaa diski yabisi ya kubebeka ni zaidi ya kuichomeka na kuanza kunakili. Ujazo wake upimwe kwa kuijaza yote, mfumo wa faili uteuliwe kwa kuzingatia watakaoitumia, ifungwe kwa nywila kwa ajili ya heshima ya wahojiwa, kasi yake ipimwe pamoja na waya wake, na kila nakala ithibitishwe kwa alama ya uhakiki. Kazi yote hii, pamoja na muda wa kungoja, haizidi siku mbili. Siku hizo mbili zinapaswa kuingizwa katika ratiba ya utafiti sawa na siku za kuandaa hojaji, na walimu wa mbinu za utafiti wana nafasi ya kuzifanya kuwa sehemu ya mafunzo kabla ya wanafunzi kuelekea nyanjani.

Mtafiti anapomwomba bibi wa Lamu aimbe mbele ya kinasa sauti, huwa amempa ahadi kwamba wimbo huo utasikika hata baada yake. Bibi hana njia ya kukagua diski. Amemwachia mtafiti kazi hiyo, na mtafiti asiyeijaribu diski yake huwa ametoa ahadi asiyojua kama anaweza kuitimiza.